Maji Baridi Kwanza

Nilitaka kanzu, si karai.
Kanzu nyeupe yenye mshipi, na sauti yangu
ikigonga bati la kanisa la Nebbi na kurudi
kana kwamba Mungu mwenyewe ameitikia.
Miaka miwili nilikaa seminari. Wa tatu
gombera akaandika barua fupi: Ndugu Jakwonga,
tunakushukuru. Basi.
Mikunjo ya karatasi ile naijua kwa vidole.

Nikapewa kazi nyuma ya wodi ya wazazi,
penye matangi mawili ya saruji, kamba sita,
na mama mmoja mfupi, Afoyorwoth,
ambaye hakuniuliza nilisomea nini.
Aliniangalia viganja. Akasema, "Vitachubuka."
Vikachubuka.

Shuka ya uzazi si shuka ya hotelini.
Ina usiku mzima ndani yake, na kelele zake.
Wiki ya kwanza nilitapika kando ya mihogo,
kisha nikaitosa ile damu kwenye maji ya moto,
nikasugua kwa hasira ya mtu aliyenyimwa mimbari,
na doa likakaza, likawa kahawia, likanitazama.
Afoyorwoth akanipokonya.
"Maji baridi kwanza, mwanangu. Moto huipika damu,
na ikishapikwa haitoki. Huko mlifundishwa nini?"

Sijui furaha iliingia siku gani.
Haikupiga hodi.
Labda asubuhi ile ya Februari
upepo wa Pakwach ulipojaza shuka ishirini na nane
nami nimesimama katikati yake, nimelowa hadi magoti,
nikacheka peke yangu kama mwehu.
Labda siku nilipogundua
navijua vitanda kwa madoa:
namba nne, mapacha; namba tisa, bado anangoja;
nikawa nawaombea kwa namba,
maana majina yao hayafiki huku nyuma.

Namba kumi na moja hakurudi kwao.
Mama yake alikuja kutoka Panyimur, vumbi hadi magotini,
akaulizia kitenge cha binti yake,
cha samawati, chenye ndege.
Nilikuwa nimekifua mara tatu. Nimekipiga pasi ya mkaa,
nimekikunja kona kwa kona kama kitambaa cha altare.
Nilimkabidhi kwa mikono miwili
na, naungama, nilikuwa nangoja asante.
Akauzika uso wake ndani. Akavuta pumzi. Akavuta tena.
"Umemtoa," akasema. "Sasa kinanuka sabuni."

Hakuna aliyewahi kunifundisha jibu la neno hilo.
Nikakaa chini, kwenye saruji yenye maji. Naye akakaa.
Jua likapanda. Afoyorwoth akapita, akatuona,
akarudi alikotoka bila kukohoa.
Shuka zilikuwa karaini,
na shuka haziombolezi, huvunda tu.
Mwishowe ni yeye aliyeinuka, akajifunga kile kitenge kiunoni,
akashika ncha moja, akaninyoshea ya pili:
"Kamua. Mimi nashika huku."
Tukakamua. Yeye akizungushia kulia, mimi kushoto,
hatusemi kitu,
maji yakitudondokea miguuni,
yake na yangu, maji yale yale.

Siku hizi Jumapili nakaa benchi la nyuma, karibu na mlango,
mikono ikinuka sabuni hata nikiiloweka kwa limau.
Padre akifika pale
Bwana alipovua vazi lake, akajifunga taulo,
akainamia nyayo za watu wenye vumbi,
wenzangu huangalia nyayo.
Mimi huwaza taulo.
Miguu kumi na miwili, maradufu, na vumbi la njia yote ile:
nani alilifua kesho yake?
Namgusa Afoyorwoth kwa kiwiko nimuulize.
Amesinzia, viganja wazi mapajani.
Namwacha. Kesho ni zamu ya wodi ya watoto.